Nani Anaitunza Kusadikika?

Ziko nchi ambazo hazina kiti katika Umoja wa Mataifa, hazina sarafu wala jeshi, na bado zina raia. Kusadikika ni mojawapo, Kufikirika ni nyingine. Raia wake ni wasomaji. Waliingia humo bila pasi, wakajifunza sheria zake, wakawajua mawaziri wake wadhalimu kwa majina, na walipotoka walikuwa na kipimo cha kupimia nchi wanayoishi.

Leo nataka kuuliza swali ambalo kwa haraka litaonekana kuwa la wauza vitabu peke yao: nchi ya kubuni inapozeeka, nani ana wajibu wa kuitunza? Je, ni mchapishaji aliyeiuza, ni dola inayoitumia kufundishia, au ni wasomaji wanaoendelea kuishi ndani yake? Nalileta swali hili katika ukurasa huu wa mijadala ya siasa kwa sababu nimeshuhudia, katika nyanda za juu za Kigoma nilikozaliwa, jinsi kukosekana kwa kurasa chache za kitabu cha zamani kunavyoweza kubadili hukumu ya kesi.

Tuanze na Kusadikika yenyewe, kwa ajili ya wasiowahi kufika. Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Kitabu chake Kusadikika kilitolewa na kampuni ya Nelson mwaka 1951. Kinaeleza habari za nchi iliyo angani, ambako kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, ili walete mambo mema ya kuigwa. Kila mjumbe alirudi na mapendekezo, na kila mmoja alilipwa kifungo.

Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hicho kama fumbo la utawala wa kikoloni, na ni rahisi kuona sababu. Karani wa serikali hakuweza kumwandikia gavana kwamba mahakama zake zinaogopa watu wanaoijua sheria. Aliweza, hata hivyo, kuandika kwamba iko nchi angani yenye waziri aitwaye Majivuno. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya atakuwa anaielewa vyema tofauti kati ya barua hizo mbili.

Watu wa Buha hawakuwa mbali na mwandishi huyo kama ramani inavyodai. Katika miaka hiyohiyo wanaume wa Kasulu na Kibondo walikuwa wakichukuliwa kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao. Babu yangu alikuwa mmojawao. Alirudi na blanketi, kovu la mkonge katika kiganja, na Kiswahili. Hakuwahi kusoma Kusadikika, lakini aliijua nchi ambayo mtu hupewa namba badala ya jina, na ambamo anayehoji hesabu ya malipo yake huitwa mkorofi. Kitabu hiki ni urithi wetu pia, kwa njia ya mkonge.

Kusadikika haikuwa nchi pekee tuliyoishi. Nilisoma sekondari Kasulu katika miaka ya 1990, wakati wilaya yetu ilipokuwa ikipokea wakimbizi kutoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1993, na kutoka Zaire mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu. Bwenini kwetu kulikuwa na nakala moja ya Kufa na Kupona, riwaya ya Elvis Musiba yenye mpelelezi Willie Gamba. Haikuwa na jalada. Jina lake tulilijua kwa kuambiwa. Mwenye nayo aliikodisha kwa kipande cha sabuni kwa usiku mmoja, na asubuhi ilikuwa lazima irudi. Wengine tulimfuata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika vichochoro vya Unguja, mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuona, na tukabishana juu ya nani muuaji kana kwamba marehemu alikuwa jirani yetu.

Wakati ule hatukujiuliza kwa nini kila nakala ilikuwa moja, chakavu, na bila ndugu yake dukani. Historia ya uchapishaji inalo jibu. Kufa na Kupona kilitolewa mwaka 1974 na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 shirika nalo likavunjika, na huko Nairobi nafasi yake ikachukuliwa na Kenya Literature Bureau. Mzimu wa Watu wa Kale, kisa cha kwanza cha Bwana Msa, kilishinda shindano la shirika hilohilo mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapwa mwaka 1960. Baadhi ya visa vilivyofuata vilitolewa na East African Publishing House ya Nairobi, ambayo nayo haipo tena. Huku kwetu Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilidhoofika pamoja na uchumi wa miaka ya 1980. Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, na kampuni hiyo imerudisha sokoni baadhi ya kazi za Shaaban Robert. Juhudi za namna hiyo zinastahili heshima, lakini kitabu kuchapwa Dar es Salaam ni jambo moja na kufika Kibondo ni jambo jingine.

Siku hizi kinachoamua kifike au kisifike ni orodha ya vitabu teule. Kufikirika, kilichochapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo cha mwandishi wake, kimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa riwaya teule za kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo ukiingia steshenari yoyote kubwa ya Kasulu utakipata, pamoja na miongozo ya kujibia maswali ambayo mara nyingine huuzwa zaidi ya kitabu chenyewe. Niliuliza Kusadikika katika maduka manne, mawili Kasulu na mawili Kibondo. Muuzaji mmoja, kijana mwenye heshima zake, alinisahihisha kwa upole: "Nadhani mzee unamaanisha Kufikirika." Ndugu wawili waliozaliwa na mwandishi mmoja, mmoja yumo kwenye orodha na mwingine hayumo, na asiyekuwemo anaonekana kuwa kosa la matamshi.

Nilimuuliza mhariri wa kampuni moja ya vitabu, ambayo sitaitaja, kwa nini wasizirudishe hata nakala chache za riwaya za zamani wanazozimiliki. Alinijibu bila kinyongo: "Dokta, kitabu kisichotahiniwa ni kumbukumbu, si bidhaa." Sikuona haja ya kumlaumu. Mashine ya ofseti haitofautishi kitabu cha zamani na kipya. Gharama kubwa iko katika matayarisho, na hupungua kwa kila nakala pale tu nakala zinapochapwa kwa maelfu. Nakala elfu mbili zikikaa ghalani miaka minane, mtaji umelala miaka minane. Wazazi wananunua kinachotahiniwa, shule zinanunua kinachotahiniwa, na mchapishaji naye ana mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi.

Hata hivyo ipo sekta moja duniani ambayo imepambana na tatizo hilohilo, na inafaa kuitazama ingawa si ya kwetu. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu Ujerumani, mwaka 2011, niliishi nyumba moja na wanafunzi watatu ambao kila Ijumaa usiku walikusanyika mezani kucheza mchezo wa kuigiza. Mchezo wenyewe hauna ubao wala karata. Mmoja husimulia nchi na mambo yanayotokea ndani yake. Wengine kila mmoja huwa mhusika, husema anachotenda, na dadu huamua kama amefaulu. Mchezo uliouanzisha mtindo huo, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya Marekani. Pamoja na kanuni, kampuni iliuza nchi za kubuni: ramani, miji, koo, dini na historia, ili wasimulizi wasilazimike kuanza na karatasi tupu.

Wenzangu wale walikuwa wakiishi katika Planescape, nchi iliyotolewa mwaka 1994, ambayo kitovu chake ni Sigil, mji wenye umbo la pete uliojaa milango ya kwendea kila pahali. TSR ilizidiwa na madeni, ikanunuliwa mwaka 1997 na Wizards of the Coast, na mwaka uliofuata vitabu vya Planescape vikakoma. Sababu moja inayotajwa sana ya anguko la TSR ni kwamba ilikuwa ikiuza nchi nyingi mno kwa wakati mmoja, na kila nchi ilipata wanunuzi wachache. Mmiliki mpya akapunguza. Kwa hesabu za biashara alikuwa na haki. Lakini wakazi wa nchi zilizofungwa hawakuhama. Wenzangu walikuwa wakicheza kwa sanduku la vitabu lililokuwa na umri wa miaka 17, ramani zake zimebandikwa gundi ya karatasi kila kona, na wasingeweza kununua hata nakala za kielektroniki kwa kuwa mwaka 2009 kampuni ilikuwa imeziondoa zote sokoni ikilalamikia wizi.

Usiku mmoja waliniuliza kwetu kuna nchi zipi za namna hiyo. Nikawasimulia Kusadikika: wajumbe sita, pande sita, waziri Majivuno. Walisikiliza kwa makini, kisha msimulizi wao akauliza swali ambalo ndilo lililoipa makala haya jina lake: "Na nani anaitunza?" Alimaanisha, nani anatoa ramani, nani anahakikisha kitabu kipo, nani anaruhusu watu waongeze mjumbe wa saba.

Yaliyotokea baadaye katika sekta ile yana mafunzo. Mwaka 2013 nakala za kielektroniki zilirudishwa. Mwaka 2016 kampuni ilishiriki kufungua duka la mtandaoni ambamo msomaji wa kawaida aliruhusiwa kuandika na kuuza visa vyake ndani ya Forgotten Realms, nchi yao kubuniwa inayojulikana zaidi, akibaki na nusu ya mapato. Mapema mwaka 2023 ilipofahamika kwamba kampuni inakusudia kuibana leseni ya wazi iliyokuwepo tangu mwaka 2000, wachezaji walikasirika na wengi wakaacha kulipia huduma zake. Katika wiki chache kampuni ikarudi nyuma na kuweka kanuni za msingi za mchezo chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kunyang'anywa tena. Na mwishoni mwa mwaka huohuo Planescape ilirudi madukani, baada ya robo karne. Sidai kwamba kampuni hiyo tajiri ni malaika. Ilichojifunza, kwa shuruti ya wasomaji, ni kwamba kuitunza nchi ya zamani hakulazimu kuiandikia vitabu vipya kila mwaka. Kunahitaji mambo mawili: matini ya asili ipatikane, na wakazi waruhusiwe kujenga.

Nilirudi nyumbani na mambo hayo mawili kichwani, na miaka kadhaa baadaye nikayakuta Kasulu yakiwa yametengana.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata, wilayani Kasulu, alikuwa ameanzisha klabu inayocheza kesi ya Karama. Hakuwa amesikia habari za michezo ya mezani ya Marekani. Aliyabuni mwenyewe baada ya kuchoka kuona wanafunzi wakikariri miongozo. Mwanafunzi mmoja huwa mfalme, mwingine Majivuno, mwingine Karama, na wajumbe sita huitwa mmoja mmoja. Hoja ikibishaniwa bila kuafikiana, hurushwa vifuniko vitano vya soda. Vikilala chali vitatu au zaidi, baraza limekubali. Mwalimu ndiye msimulizi. Kitabu walichonacho ni kopi ya kopi, iliyotolewa steshenari kutoka kwa nakala ya marehemu baba yake, na kurasa za mjumbe wa nne hazimo.

Kwa hiyo wanafunzi walimtungia mjumbe wa nne safari yao wenyewe. Nilipowatembelea wakati wa likizo, binti wa kidato cha tatu alisimama na kuripoti kwamba ametoka katika nchi ambamo kila kiongozi anayetoa ahadi huandikiwa ahadi hiyo mlangoni kwake kwa chokaa, na haifutwi mpaka itimie. "Mheshimiwa Mfalme," alisema, "nyumba nyingine nilizikuta hazina tena mahali pa kuandika." Darasa lilicheka kwa muda mrefu, kisha likatulia kwa namna ambayo kila mwalimu anaifahamu. Yule binti alitupwa kifungoni, kama kanuni inavyotaka. Sijui kama Shaaban Robert angelikuwa na malalamiko yoyote.

Mpaka hapo mtu angeweza kusema: basi ukosefu wa kitabu umezaa ubunifu, acha mambo yalivyo. Nami ningekubali, kama nisingeifuata ile barabara ya Makere hadi Kibondo.

Mwalimu wa Kasulu alikuwa na mwenzake Kibondo waliyesoma naye chuo cha ualimu, na alimpelekea kopi ya kopi yake. Njiani, kati ya mkono na mkono, zilipotea kurasa nyingine, safari hii za mwisho. Klabu ya Kibondo ilikuwa na mashtaka, ilikuwa na utetezi, haikuwa na hukumu. Walifanya walivyofanya wenzao wa Kasulu: walijaza pengo. Nilikaa nyuma ya darasa, kwenye dawati lililovunjika mguu, nikamsikiliza kijana aliyeigiza mfalme akisoma hukumu waliyoiandika pamoja kwa siku mbili. Karama alipatikana na hatia. Wajumbe wote sita waliongezewa kifungo kwa kutajwa mahakamani bila idhini.

Baada ya kikao nilimuuliza yule kijana kwa nini walihukumu hivyo. Alisimama wima, mikono nyuma, akanijibu bila kusita: "Mwalimu, mtu kama huyo hashindi. Tulijaribu kumwachia, ikaonekana ni uongo."

Ndugu msomaji, katika kitabu cha mwaka 1951 Karama anashinda. Hoja zake zinasikilizwa, anaachiwa huru, na wajumbe waliokuwa wakiozea kifungoni wanafunguliwa. Karani wa serikali ya kikoloni, miaka kumi kabla ya Uhuru, aliandika kwamba mtu anaweza kusimama mbele ya dola akiwa na maneno tu na kushinda. Kijana wa Kibondo, zaidi ya nusu karne baada ya Uhuru, akiwa na kalamu yake na pengo la kurasa chache, aliona jambo hilo haliaminiki.

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa swali la kule Ujerumani. Nchi ya kubuni isiyotunzwa haibaki ilivyoachwa. Kila pengo hujazwa na wakati uliopo, na wakati uliopo hujaza kwa kile unachokijua. Mara huleta ile chokaa ya mlangoni, ambayo ni zawadi kwa fasihi yetu. Mara nyingine hufuta mlango pekee ambao mwandishi aliuacha wazi. Uhuru wa kuongeza ni mzuri pale msomaji anapoweza kulinganisha alichoongeza na kilichokuwepo. Vijana wale hawakuikataa hukumu ya Shaaban Robert. Hawakupata nafasi ya kuisoma ili waikatae. Nilipowasimulia mwisho halisi, mabishano yaliendelea hadi jua likazama. Wengine walishikilia hukumu yao, na hoja zao zilikuwa nzito. Lakini sasa walikuwa wakibishana na mtu.

Nitajibiwa kwamba serikali na wachapishaji wana mambo ya haraka zaidi, na kwamba fedha kidogo iliyopo iende kwa waandishi wapya. Nafurahi kwamba ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023 chini ya uratibu wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Waandishi wapya wanastahili kila shilingi. Lakini mwandishi mpya anayeshinda mwaka huu atakuwa mwandishi wa zamani baada ya miaka 20. Tusipojenga leo utaratibu wa kutunza kilichokwisha kuchapwa, tunampa tuzo kwa mkono wa kulia na kumtayarishia usahaulifu kwa mkono wa kushoto.

Watu wengine husema kikwazo ni sheria. Tuiangalie. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kwa hesabu hiyo kipindi chake kilikwisha mwaka 2012. Matini ya asili ya Kusadikika haihitaji ruhusa ya kampuni yoyote ili ichapwe na kugawanywa nchini, na bado Kibondo hakuna. Kwa kitabu hiki kinachokosekana ni mtu wa kuitwa kuwa ni kazi yake. Kwa Bwana Msa hali ni ngumu zaidi, maana mwandishi alifariki mwaka 1991 na kazi zake zitalindwa hadi mwaka 2041, ilhali baadhi ya kampuni zilizozichapa zimekwisha kufa. Anayetaka kuzirudisha kwa halali hana hata mlango wa kubisha hodi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na kila moja liko ndani ya uwezo wa ofisi ambazo baadhi yenu mnazitumikia.

Kwanza, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo wachapishaji hutakiwa kuiwasilishia nakala za machapisho yao, ianze kuzigeuza kuwa za kielektroniki zile ambazo ulinzi wake umekwisha, na kuzitoa bure. Simu ziko Kibondo. Mwalimu yule ana moja, na steshenari zina mashine za kuchapia. Kurasa zilizopotea zingeweza kurudi kwa gharama ya daftari.

Pili, mikataba ya uandishi iwe na kifungu kinachosema kwamba kitabu kikikosekana sokoni kwa muda fulani, tuseme miaka mitano, haki zinarudi kwa mwandishi au warithi wake. Na Ofisi ya Hakimiliki iweke daftari la wazi la nani anamiliki nini, ili mwenye nia ya kuchapa ajue pa kuuliza.

Tatu, Tuzo ya Mwalimu Nyerere iongezewe kundi moja la kila mwaka: kazi ya zamani inayorudishwa sokoni, ikiwa na utangulizi mpya, na kupelekwa shule za pembezoni kwanza.

Nne, wachapishaji wenye haki za vitabu vya zamani watoe ruhusa ya maandishi kwa klabu za shule kuigiza, kufupisha na kuendeleza nchi hizo. Hawapotezi mauzo, kwa kuwa vitabu vyenyewe hawaviuzi. Wanapata wasomaji ambao kesho watatafuta kitabu kizima.

Wanaharakati wanaopita hapa watauliza kwa nini nisizungumzie kesi za kweli, za watu wa kweli. Nazungumza nao mahali pengine, nao wananijua. Lakini jamii inahitaji pia mahali ambapo mtoto wa miaka 15 anaweza kumshtaki waziri, kumtetea mshtakiwa na kuandika hukumu, bila mtu yeyote kuitwa kituoni. Mahali hapo palijengwa kwa ajili yetu mwaka 1951, na mtu aliyejua vizuri hatari za kusema wazi.

Nakala kamili za kitabu, nilizozipata kwa rafiki zangu wa chuo, sasa ziko mbili, moja Kasulu na moja Kibondo. Mbili hazitoshi wilaya mbili, na wilaya hizo si za mwisho katika foleni. Kama una nakala nyumbani, angalia kama kurasa za mwisho zimo, kisha mtafute mwalimu wa Kiswahili aliye karibu nawe umwazime.